UZI: Kutengeneza mafuta, skrabu na krimu za mimea nyumbani. Kwanza jiulize, kuna maji ndani?

NtaNaMafuta (mtoa mada)

Salaam wadau.

Naona maswali mengi ya watu wanaotaka kujitengenezea vipodozi vya ngozi kwa mimea, na karibu wote wanaanza kwa kuuliza mmea upi unafaa. Alovera au manjano? Mlonge au mwarobaini? Kipi kinaondoa madoa, kipi kinakausha chunusi? Kwangu mimi hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: unachotaka kutengeneza kina maji ndani yake au hakina? Jibu ndilo linaloamua kitakaa muda gani, utahitaji vifaa gani, na kama kinaweza kukudhuru.

Bakteria na kuvu hawazaliani kwenye mafuta matupu, wanahitaji maji. Ndiyo maana mafuta ya alizeti, ya nazi, siagi ya shea na nta, vikichanganywa vyenyewe, vinakaa miezi bila kihifadhi. Lakini ukitia jeli ya alovera, maji ya waridi, chai ya majani, juisi ya tango au maziwa, umewapa vijidudu pa kuishi na cha kula. Hatari yenyewe ni kwamba huwezi kuijua kwa macho. Krimu inaweza kujaa bakteria na bado ikawa nyeupe, laini, inanukia vizuri. Ukungu ukionekana juu ya kopo, mambo yalishaharibika siku nyingi. Pseudomonas aeruginosa na Staphylococcus aureus ni miongoni mwa bakteria wanaokutwa kwenye vipodozi vilivyochafuka, na ukivipaka kwenye chunusi iliyopasuka, ngozi iliyochanika au karibu na jicho, unajitafutia maambukizi.

Najua kuna atakayesema, "mimi naweka vitamini E." Endelea kuweka, ni nzuri, lakini kazi yake ni kuchelewesha mafuta yasichache. Haiui bakteria. Dondoo ya rozimari nayo ni hivyo hivyo. Na usitegemee matone mawili matatu ya mafuta ya kunukia, yale makali yaliyokolezwa kutoka kwenye mmea, yalinde krimu. Kiasi ambacho kingetosha kuzuia vijidudu ni kikubwa kuliko kile ngozi inachoweza kuvumilia.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni mmoja: anza na vitu visivyo na maji. Utapata matokeo mazuri mno, na hutahitaji maabara.

Kuloweka mmea kwenye mafuta. Tumia mmea mkavu, mkavu kweli, ule ambao jani lake ukilifikicha linavunjika kwa sauti. Jani bichi linaingiza maji kwenye mafuta na mafuta yanaoza kuanzia chini ya chupa. Kalendula na kamomaili ndizo ninazozipenda kuliko zote kwa ngozi kavu na yenye kuwasha. Jaza maua makavu hadi nusu ya kopo la kioo, mimina mafuta mpaka yafunike kila kitu, funga, weka mahali pa joto la kawaida pasipo na jua kwa wiki nne hadi sita, ukilitikisa kila unapolikumbuka. Wengi huliacha dirishani lipigwe na jua. Mwanga unaharakisha mafuta kuchacha, kwa hiyo hapo unapoteza zaidi ya unachopata. Ukiwa na haraka, weka kopo ndani ya sufuria yenye maji ya moto kwa saa mbili hadi tatu, moto mdogo kabisa, maji yasichemke. Mafuta hayatakiwi kukaanga maua. Maua yakigeuka ya kahawia, umepitiliza.

Chuja kwa kitambaa safi, kamua, kisha yaache mafuta yatulie usiku kucha. Asubuhi utaona mashapo yametuama chini, na pengine vitone vya maji. Mimina ya juu taratibu, na hayo ya chini yaache. Usione uchungu kuyatupa.

Jambo jingine watu hawaambiwi: mafuta yanachukua kutoka kwenye mmea vile tu vinavyoyeyuka kwenye mafuta. Rangi ya chungwa ya karoti inatoka. Vitamini C haitoki, kwa sababu inayeyuka kwenye maji. Kwa hiyo mtu anayeloweka maganda ya machungwa kwenye mafuta ili apate "vitamini C ya asili" atapata harufu tu.

Mafuta mazito ya kupaka. Pima kwa gramu kwenye mizani ndogo ya kidijitali, achana na vijiko. Kwa gramu 100: mafuta uliyolowekea mmea 50, siagi ya shea 30, nta ya nyuki 20. Yanatoka magumu kiasi, yanafaa midomo, visigino na viwiko. Ukitaka ya mwili yanayoteleza, shusha nta hadi 10 na uongeze mafuta. Asiyetaka kitu cha mnyama atumie nta ya kandelila, ila hiyo ni ngumu kuliko ya nyuki, nusu ya kipimo inatosha.

Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi za Selsiasi, shea inayeyuka karibu na joto la mwili. Basi nta itangulie, ifuate mafuta, na shea iingie mwisho kabisa moto ukiwa umeshazimwa. Kabla ya kumimina kwenye makopo, chukua kijiko cha chuma kilichokuwa kwenye friza, dondoshea tone juu yake, subiri ligande, kisha libonyeze kwa kidole. Likiwa gumu ongeza mafuta, likiwa laini sana ongeza nta. Ukishamimina, kurekebisha ni kuyeyusha upya yote.

Kuhusu mafuta yenyewe, yasichukuliwe kana kwamba yote ni sawa. Alizeti ya kawaida ina asidi ya linoleiki kwa wingi na inasaidia ule ukuta wa juu wa ngozi. Zeituni ina asidi ya oleiki nyingi, na kwa wenye ngozi dhaifu inaweza kuulegeza ukuta huo badala ya kuujenga. Nazi inafaa sana kwa miguu na mikono, lakini kwa uso wenye chunusi mara nyingi inaziba vinyweleo. Jojoba kitaalamu ni nta iliyo katika hali ya kimiminika, ndiyo maana inakaa muda mrefu bila kuchacha. Mafuta ya mbegu za waridi-mwitu na ya mbegu za zabibu ni mepesi na matamu kwa ngozi, ila yanachacha upesi. Nunua chupa ndogo, weka kwenye friji.

Vya kutumia na kumaliza. Hapa maji yanaruhusiwa kwa sharti kwamba unatengeneza cha leo. Alovera ndiyo mfano mkubwa. Kata jani la nje lililokomaa, lisimamishe kwenye kikombe, sehemu iliyokatwa ikiangalia chini, kwa dakika 15 au 20. Utaona utomvu wa manjano unachuruzika, una harufu kali. Huo unakaa chini kidogo ya ganda, una aloini, na ndio unaowawasha wengi wanaodhani "alovera hainikubali". Ukishaisha, osha jani, menya, na uoshe tena ule mnofu unaong'aa hadi manjano yote yaondoke. Jeli hiyo karibu yote ni maji, kwa hiyo haikai. Igandishe kwenye vitrei vya barafu na utoe kipande kimoja kimoja. Ile unayoikuta imegeuka ya waridi au ya kahawia kwenye friji, tupa.

Nafaka ya oti nayo ni hazina. Isage kavu mpaka iwe unga laini kama poda. Jaribio lake: tia kijiko kimoja kwenye bilauri ya maji, koroga. Maji yakigeuka kama maziwa na unga usituame haraka, umefika. Ukituama, rudisha kwenye mashine. Unga huo ukiwa mkavu unatunzika vizuri. Siku ya kutumia unachanganya na maji ya vuguvugu kiganjani na kuosha nao uso, au unautia kwenye maji ya kuoga. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliutambua unga laini wa oti kuwa kinga ya ngozi mwaka 2003, na kwa muwasho ni miongoni mwa vitu vichache vya jikoni ninavyovitetea bila kusita.

Skrabu ya sukari na mafuta haina maji ikiwa koponi, lakini inatumika bafuni kwa mikono iliyolowa. Tumia kijiko kikavu, toa ya siku hiyo, funga kopo. Na skrabu ni ya mwili. Usoni chembe za sukari zina ncha.

Krimu na losheni ni darasa jingine, nitazieleza zikiulizwa. Karibuni.

---

JaniKavu

Asante mkuu kwa somo. Mimi kwa madoa ya chunusi natumia limau, na baadhi ya siku nachanganya na bekingi soda. Vyote vinaliwa, ni vya asili. Nakuomba uniambie kama kuna shida, maana naona uso unakuwa mkavu na unachoma nikitoka nje.

NtaNaMafuta

Mkuu, acha leo. Nakuambia kwa nia njema kabisa.

Ngozi ya uso ina pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi inazidi) ya takriban 4.5 hadi 5.5. Juisi ya limau iko karibu na 2. Kipimo cha pH kinakwenda kwa mara kumi kila hatua, kwa hiyo kutoka 5 kushuka hadi 2 ni ukali mara 1,000. Bekingi soda inakuvuta upande wa pili, inapita 8. Siku moja unaichoma ngozi kwa asidi, siku ya pili unaivua kwa alkali, ndiyo maana inakakamaa.

Hilo la kuchoma ukitoka nje ni zito zaidi. Limau na ndimu zina vitu vinavyoitwa furanokumarini, vikikutana na mionzi ya jua juu ya ngozi vinaiunguza. Malengelenge yanaweza kutokea baada ya siku moja au mbili, na yakipona yanaacha weusi unaokaa wiki au miezi. Yaani unatafuta dawa ya madoa, unapata madoa makubwa kuliko ya kwanza. Kwamba kitu kinaliwa hakikifanyi kifae kupakwa. Tumbo limeumbwa kuhimili asidi, uso haukuumbwa hivyo.

Kwa sasa osha uso kwa kitu laini, paka mafuta mepesi, jikinge na jua, uache ngozi ipumzike. Weusi wa chunusi unahitaji muda, na zaidi ya yote kinga ya jua. Bila hiyo, hakuna mmea utakaoufuta.

MwanaKrimu

Mimi ndiye ninayetaka krimu. Ila nina neno: nikitia kihifadhi si nimerudi kule kule kwa kemikali nilizokuwa nazikimbia?

NtaNaMafuta

Ni haki yako kutotia, mkuu. Basi usitie na maji. Hapo ndipo uamuzi ulipo. Anayetaka krimu ya maji, bila kihifadhi, ikae kabatini mwezi mzima, anataka kitu ambacho hakipo.

Na kihifadhi chenyewe kisikuogopeshe kwa jina. Sorbeti ya potasiamu na benzoeti ya sodiamu zinatumika hadi kwenye vyakula. Asidi ya sorbiki, ambayo ndiyo chanzo cha sorbeti hiyo, ilipatikana kwanza kwenye matunda ya mti wa rowan, mwaka 1859. Shida yake ni kwamba zinafanya kazi krimu ikiwa na asidi kidogo tu, benzoeti inataka pH ya 5 au chini, kwa hiyo lazima uwe na karatasi za kupimia pH. Fenoksiethanoli, kihifadhi kingine, haibabaishwi sana na pH, na sheria za Umoja wa Ulaya zinairuhusu hadi asilimia 1. Chagua kihifadhi kilichotengenezwa kuzuia bakteria na kuvu kwa pamoja, na ufuate kipimo cha muuzaji. Usizidishe kwa kuhofia, usipunguze kwa kuhurumia.

Kwa gramu 100 za krimu nyepesi: maji yaliyotoneshwa 70, gliserini ya mimea 4, mafuta 19, emalsifaya 6, kihifadhi 1. Emalsifaya ni ile nta maalumu inayofunga maji na mafuta. Nta ya nyuki peke yake haifanyi kazi hiyo, utaona krimu inalia maji baada ya siku chache. Weka maji na gliserini kwenye chombo kimoja, mafuta na emalsifaya kwenye kingine, vyote vipate nyuzi 70 hadi 75. Changanya, piga kwa mashine ya mkono, pumzika, piga tena, mpaka ipoe na kuwa nzito. Kihifadhi kinaingia ikiwa imeshuka chini ya nyuzi 40, maana vingine vinaharibika kwa joto. Ukitaka chai ya kamomaili badala ya maji matupu, jua kwamba umeongeza chakula cha vijidudu. Kwa krimu yako ya kwanza tumia maji matupu.

KopoLaKioo

Niongezee kwenye usafi, wengi wanapuuza. Makopo yachemshwe dakika 10, kisha yakauke kabisa, yakiwa yameinamishwa juu ya kitambaa safi. Tone moja la maji lililobaki ndani linaharibu mafuta yote mtoa mada aliyohangaikia. Vijiko, mwiko, meza, futa kwa alkoholi ya asilimia 70. Msidhani ya asilimia 99 ni bora zaidi. Hiyo inaruka haraka kabla ya kuua vizuri, yale maji kidogo ndani ya 70 yanaisaidia kupenya.

Na dropa au kopo la pampu ni bora kuliko kopo la kuchovya vidole.

NtaNaMafuta

Umesema kweli tupu, asante sana. Naongeza lebo: jina, vilivyomo, tarehe ya kutengeneza. Kumbukumbu ya kichwani haitoshi, hasa ngozi ikija kuwasha na unataka kujua ni kipi.

MamaWawili

Mtoa mada, nina mtoto ana pumu ya ngozi, nyuma ya magoti na kwenye viwiko panachubuka kwa kujikuna. Naomba mafuta ya mimea yatakayomfaa. Nimeshauriwa mafuta ya kunukia ya mti wa chai matone kadhaa moja kwa moja, na manjano. Niweke matone mangapi?

NtaNaMafuta

Pole mama, na mpe pole mwanetu. Kwake yeye, sifuri. Usiweke kabisa.

Mafuta ya kunukia ni mmea uliokolezwa mno, hayapakwi bila kuchanganywa hata kwa mtu mzima. Kwa uso wa mtu mzima kipimo ni nusu asilimia hadi asilimia 1, mwili hadi 2. Mililita moja ni kama matone 20, kwa hiyo kwenye chupa ya mililita 30, asilimia 1 ni matone sita tu. Ya mti wa chai yana ubaya wa ziada: yakikaa yakipigwa na hewa yanabadilika na kuleta mzio kwa urahisi zaidi. Mdalasini na karafuu ndiyo makali kabisa, usoni hayana nafasi. Ngozi ikishajenga mzio na kitu, mara nyingi ni wa maisha, na ngozi ya mtoto mwenye pumu ya ngozi iko wazi, inaingiza kila kitu.

Kinachomfaa ni kile kisicho na harufu. Maji ya kuoga ya vuguvugu, si ya moto, yenye ule unga wa oti niliouleza, dakika 10. Mtoe, mkaushe kwa kugusagusa bila kusugua, na ngozi ikiwa bado na unyevunyevu mpake mafuta mazito. Kanuni ya shea, alizeti na nta, bila mmea wowote uliolowekwa. Mshike vizuri akiwa kwenye maji hayo, oti inateleza.

Mjaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono isiyochubuka, asubuhi na jioni kwa siku saba hadi kumi, kabla ya kumpaka mwili mzima. Jaribio la usiku mmoja halitoshi, mzio mwingine unachelewa. Kama kuna historia ya mzio wa karanga au njugu za aina yoyote katika familia, muulize daktari kabla ya shea na lozi. Na palipochubuka pakianza kutoa majimaji, kuwa na ganda la manjano au joto, hapo ni hospitali. Dawa aliyoandikiwa usimkatishe kwa sababu ya mafuta yangu.

JaniKavu

Nimeacha limau. Umesema nijikinge na jua, nimesoma kwamba mafuta ya mbegu za karoti na siagi ya shea vinakinga. Naweza kujitengenezea?

NtaNaMafuta

Hapana mkuu, na hiki ndicho kitu kimoja ambacho nakuomba ununue kilichopimwa. Hakuna mafuta ya mmea yanayokinga jua kiasi cha kutegemewa. Hata ukinunua poda ya oksidi ya zinki na kuitia kwenye krimu yako, chembe zinajikusanya mafungu mafungu, na katikati ya mafungu ngozi iko uchi. Huwezi kuona kwa jicho, na nyumbani huna namna ya kupima. Kofia pana na kivuli, hivyo unaweza kujipangia mwenyewe.

MwanaKrimu

Nimeamua kuanza na mafuta mazito kabla ya krimu. Nimepata shida moja: shea imetoka na vichembechembe kama mchanga. Imeharibika?

NtaNaMafuta

Haijaharibika, inafaa kutumika hivyo hivyo, na vichembe vinayeyuka kwenye kiganja. Shea ina mafuta ya aina kadhaa ndani yake na kila aina inaganda kwa joto lake. Ikipoa polepole, zile zinazoganda mapema zinajitenga na kufanya hivyo vichembe.

Yeyusha upya kopo zima juu ya maji ya moto hadi usione hata chembe moja, acha dakika chache zaidi kwenye moto mdogo, kisha weka bakuli lako ndani ya bakuli kubwa lenye maji ya barafu na ukoroge bila kuacha. Angalia kingo: zikianza kuganda na kuwa nyeupe, zikwangue zirudi katikati. Ikifikia uzito wa uji mwepesi mimina kwenye makopo na uyapeleke friji moja kwa moja, usiyaache mezani. Hakikisha maji ya barafu hayaruki kuingia ndani.